Mwalimu, Kubeba Maji ni Mazoezi?

Hotuba niliyoitoa mbele ya walimu wa michezo wa sekondari, Morogoro. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mliofika, wakubwa wote shikamooni. Na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma kwenye mabenchi, habari za asubuhi. Nimefurahi mno kuwaona, maana tumezoea kuwazungumzia bila nyinyi kuwepo.

Barua ya mwaliko iliniomba nieleze kwa nini wasichana wetu hawana ari ya michezo. Maneno ni hayo hayo, nimeyanakili. Naomba niyaweke kando kwanza. Kabla ya kueleza kwa nini jambo liko hivi, inabidi tuwe na hakika kwamba kweli liko hivi. Na hakika hiyo tumeipata wapi? Kwenye madodoso. Basi leo nitazungumza juu ya dodoso lenyewe.

Hapa Morogoro sina haja ya kueleza lumbesa ni nini. Gunia limejaa mpaka mdomoni, mnunuzi anaongeza nundu juu yake, anashona kwa kamba, na bei inabaki ileile ya gunia moja. Wakala wa Vipimo wamelipigia kelele jambo hili miaka nenda miaka rudi. Viazi vya mkulima havina kasoro yoyote. Anaibiwa na gunia. Mimi niliwahi kuwapima wasichana wa shule yangu kwa lumbesa, na kwa kuwa yaliwagharimu, nitawasimulia.

Nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule moja ya kutwa. Nilitaka kujua ari ya wanafunzi wa kidato cha pili katika mazoezi, nikachukua dodoso la Kiingereza, nikalitafsiri usiku mmoja, nikalidurufu, nikaligawa Ijumaa kipindi cha mwisho. Madirisha yalikuwa wazi. Nje mpira ulishaanza kudunda, na wavulana walikuwa wakijibu huku shingo zimegeukia uwanjani. Benchi la tatu alikaa binti mmoja, mkono wa kushoto wa sweta ameukunja hadi kwenye kiwiko. Alikuwa ameandika namba kwenye swali la nne, akaifuta kwa kidole chenye mate, akaandika nyingine, akafuta tena, mpaka karatasi ikatoboka. Swali lilikuwa: kwa wiki unafanya mazoezi mara ngapi?

Akanyoosha mkono. "Mwalimu, kubeba maji ni mazoezi?"

Nilimjibu papo hapo, nikiwa nimesimama mlangoni: "Hapana. Mazoezi ni kama kukimbia, mpira, netiboli." Akainama, akaandika sifuri pembeni ya tundu.

Niliingiza sifuri ile kwenye kompyuta pamoja na nyingine nyingi za namna hiyo. Wastani wa wasichana ukawa chini ya ule wa wavulana, nami nikaandika ripoti iliyosema ari ya wasichana ni ndogo. Ripoti ikasomwa kwenye kikao cha walimu. Tulikuwa na uwanja mmoja tu, na siku mbili kwa wiki zilikuwa za netiboli. Kikao kikaamua siku moja ihamishiwe timu ya mpira ya wavulana, kwa kuwa wasichana wenyewe, kwa mujibu wa ripoti ya mwalimu wa michezo, hawana hamu nayo. Sikupinga. Ningepingaje ripoti yangu mwenyewe?

Miezi kadhaa baadaye, asubuhi ya saa kumi na mbili kasoro, nikamkuta binti yule njiani akipandisha kilima kutoka bombani na ndoo ya lita ishirini kichwani. Ilikuwa safari yake ya pili. Baada ya hapo ndipo angekwenda nyumbani kuoga, avae sare, awahi namba na mchakamchaka. Maji ya lita ishirini ni kilo ishirini, walimu wenzangu, na kilima kile mimi mwenyewe nilikuwa nakipanda mikono mitupu huku nikihema.

Naomba nieleweke vizuri hapa, maana ni rahisi kuteleza. Sisemi kubeba maji ni mchezo, wala sisemi binti yule alikuwa na ari ya kubeba ndoo. Alibeba kwa sababu nyumbani hakuna bomba. Kuna maswali mawili ambayo nilikuwa nimeyafunga kwenye fundo moja. La kwanza: mwili wa kijana huyu unatumika kiasi gani? La pili: je, anapenda kucheza, anaona faida yake, angependa kuendelea? Kwenye la kwanza nilimpa sifuri mtu ambaye moyo wake ulikuwa unakwenda mbio kabla jua halijatoka. Kisha nikaichukua sifuri hiyo kama jibu la swali la pili, ambalo ni swali jingine kabisa.

Na si mimi peke yangu. Mwishoni mwa 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu kubwa iliyokusanya taarifa za wanafunzi milioni 1.6 wa miaka 11 hadi 17 kutoka nchi 146. Kigezo chake ni kijana kupata angalau dakika 60 kwa siku za shughuli inayomfanya aheme. Kwa mwaka 2016, vijana 81 kati ya 100 hawakufikia kigezo hicho: wavulana asilimia 77.6, wasichana asilimia 84.7. Sina ugomvi na kazi ile, ni kazi ya heshima, na inatuambia kwamba watoto wa jinsia zote mbili wako pabaya. Lakini tazameni swali lenyewe jinsi linavyoulizwa katika utafiti wa afya shuleni ambao shirika hilo huendesha na nchi mbalimbali, Kenya na Tanzania zikiwemo. Mwanafunzi anaulizwa: katika siku saba zilizopita, ni siku ngapi ulikuwa na shughuli za mwili kwa jumla ya angalau dakika 60? Halafu anapewa mifano: kukimbia, kutembea haraka, kuendesha baiskeli, kucheza dansi, mpira wa miguu. Ndoo haimo. Kutwanga hakumo. Kuni hazimo. Jambo zuri ni kwamba nchi inaruhusiwa kuongeza mifano yake yenyewe. Mlango huo uko wazi, na sisi wa mashuleni ndio wa kusema nini kiingizwe.

Sasa wekeni hilo pembeni ya taarifa ya UNICEF ya mwaka 2016: wasichana wa miaka 5 hadi 14 duniani hutumia muda zaidi kwa asilimia 40 kuliko wavulana wa rika lao katika kazi za nyumbani zisizolipwa, kuteka maji na kuokota kuni. Kwa wale wa miaka 10 hadi 14 pengo ni asilimia 50. Kwa hiyo umri uleule tunaotaka kupima ari ya kucheza ndio umri ambao muda wa binti unazidi kumegwa. Ukimuuliza kuhusu hamu bila kumuuliza kuhusu muda, umeuliza nusu ya swali.

Hapo kwenye siku saba nina la kuongeza, na nitalisema wazi mbele ya baba zangu mliokaa mbele. Katika darasa la wasichana 40, wiki yoyote utakayochagua, wapo kadhaa walio katika siku zao. Kama choo cha shule hakina maji na taulo za kike hazipo, binti huyo atakaa darasani mapumziko yote, sweta amelifunga kiunoni. Wiki hiyo ndiyo tunayoiandika kana kwamba ndiyo tabia yake.

Turudi kwenye ari. Neno lenyewe linatusumbua. Vitabu vingi vinaandika motisha. Lakini jamani, tukiwa ofisini kwa walimu, mtu akisema "mwezi huu kuna motisha", sote tunajua anazungumzia hela. Mwanafunzi naye amelisikia hivyohivyo. Muulize "una motisha gani ya kufanya mazoezi?", atakwambia kocha hutununulia soda. Amejibu sawasawa kabisa kwa Kiswahili anachokijua. Ndiyo maana mimi nasema ari, au hamu, kutegemea ninachouliza. Na neno mazoezi nalo: kwa mtoto wa shule, mazoezi ni pamoja na yale kumi ya hesabu aliyopewa akafanye nyumbani.

Dodoso nililolitafsiri usiku ule limetokana na mawazo ya wanasaikolojia wawili waliofanya kazi Chuo Kikuu cha Rochester kule Marekani, Edward Deci na Richard Ryan. Tangu miaka ya 1980 wamekuwa wakifundisha kwamba swali la "ana ari kiasi gani" halitoshi. Lililo muhimu zaidi ni ari yake imetoka wapi. Mtu anaweza kucheza kwa sababu kucheza kwenyewe ni raha. Anaweza kucheza kwa sababu anaona thamani yake, hata kama leo hana raha. Anaweza kucheza kwa sababu asipocheza nafsi inamsuta. Anaweza kucheza kwa sababu kuna mtu anamsukuma. Na anaweza kuwa haoni sababu yoyote ya kucheza. Nayapenda mawazo haya, yananisaidia kila siku. Kijana anayesukumwa hucheza mpaka anayemsukuma ageuke. Mwenye raha yake huendelea hata baada ya kumaliza shule.

Watafiti kutoka Wales wakayatengenezea mawazo hayo dodoso mwaka 1997, linalojulikana kwa kifupi BREQ, na toleo lake la pili likatoka mwaka 2004. Lina maswali 19, na kila moja linajibiwa kwa namba kutoka sifuri hadi nne: sifuri si kweli kwangu, nne ni kweli kabisa kwangu. Limetumika nchi nyingi sana. Nataka tulisogelee sehemu moja tu ya dodoso hilo, maswali manne yanayopima kusukumwa. Kwa ufupi yanauliza hivi: unafanya mazoezi kwa kuwa watu wengine wanasema ufanye? Kwa kuwa rafiki au familia wanasema ufanye? Kwa kuwa wengine hawatafurahi usipofanya? Unahisi rafiki au familia wanakushinikiza ufanye?

Sasa mfikirieni binti wa miaka 15 ambaye kila akitoka na raba, bibi yake anamwambia, "Mwanangu, umeshakua, kukimbiakimbia barabarani na bukta si heshima." Kaka yake anamwambia uwanja ule una wahuni. Mama anamwambia magharibi isimkute nje. Huyu binti yuko katikati ya shinikizo. Lakini shinikizo lake linavuta upande wa pili! Dodoso linamuuliza kama familia inamsukuma afanye mazoezi, naye kwa ukweli wote anajibu sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Kompyuta inapokea sifuri nne na kutafsiri: huyu hana shinikizo, yuko huru.

Tufanye hesabu kidogo, ni ya darasa la saba. Wengi wanaotumia dodoso hili huunganisha sehemu zake tano kuwa namba moja ya kujiamulia. Wastani wa kutoona sababu unazidishwa kwa hasi tatu, kusukumwa kwa hasi mbili, kusutwa na nafsi kwa hasi moja, kuona thamani kwa mbili, raha kwa tatu, kisha unajumlisha. Tuseme mvulana na msichana wote wana raha ya 3, thamani 3, kusutwa 1, kutoona sababu 0. Mvulana ana kocha na baba wanaomhimiza, kwa hiyo kusukumwa kwake ni 2. Msichana tumesema ni 0. Mvulana anapata 9 jumlisha 6, toa 1, toa 4: ni 10. Msichana anapata 9 jumlisha 6, toa 1: ni 14. Kwenye karatasi, binti anayezuiwa na nyumba nzima anaonekana anajiamulia kuliko mvulana anayehimizwa. Halafu mtafiti anatazama nani anacheza: mvulana siku tano, msichana siku moja. Anakuna kichwa, kisha anaandika kwamba kwa wasichana ari haizai mazoezi. Hakuna aliyedanganya hapo. Binti kasema kweli, mvulana kasema kweli, kompyuta imejumlisha sawasawa. Swali la "nani anakuzuia" halikuwemo.

Mtaona basi kwamba kipimo kibovu si lazima kimshushe msichana. Kinaweza kumpandisha. Yote mawili yanamwacha bila msaada.

Nije kwenye upimaji wenyewe, nao nitauelezea kwa mizani ya mshale, ile inayoning'inia dukani. Kabla hujasema furushi la Asha ni zito kuliko la Juma, mizani inatakiwa kukidhi mambo matatu. Kwanza, inapima kitu kimoja kwa wote wawili. Pili, kila kilo unayoongeza inasogeza mshale hatua ileile, awe mwenye furushi ni Asha au Juma. Tatu, mshale unaanzia sifuri kwa wote kabla hujaweka kitu. Watafiti huliita jambo hili usawa wa kipimo, na hulikagua kwa takwimu kwa mpangilio huohuo, hatua kwa hatua.

Lile la kwanza lilinishinda kwenye neno aibu. Dodoso lina swali linalouliza kama unaona aibu ukikosa kipindi cha mazoezi. Limekusudiwa kupima ile nafsi kumsuta mtu. Nilipokaa baadaye na wanafunzi kuwauliza walilielewaje, wavulana waliniambia ni aibu ya kuonekana legelege mbele ya wenzao. Wasichana wengi walikuwa wamelisoma kinyume, wakafikiria aibu ya kuonekana uwanjani na bukta, watu wamejaa pembeni. Neno moja, wino mmoja, na nilikuwa nimepima vitu viwili na kuvitolea wastani mmoja. Kwenye swali jingine nilikuwa nimeandika "najisikia hatia nisipofanya mazoezi", mvulana mmoja akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, hatia ya kosa gani?" Alikuwa na haki. Hatia kwetu ni ya mahakamani. Tuna msemo wetu mzuri kabisa, nafsi hunisuta, nami nikauacha nikakimbilia kamusi.

La pili sitalikalia, mtalielewa kwa mfano mmoja: swali la "nafurahia michezo" litasogeza sana mshale wa mvulana ambaye kwake michezo ni mpira anaoucheza kila jioni, na litamsogeza kidogo msichana ambaye kwake neno hilo linaleta picha ya wengine wakicheza.

La tatu ndilo linalotudanganya mara nyingi, kwa sababu halionekani. Kuna dodoso la Marekani la kupima huzuni, la mwaka 1977, lenye swali kuhusu kulia. Watafiti walipolichunguza wakakuta kwamba mwanamke na mwanamume wenye huzuni ya kiwango kimoja hawalijibu sawa. Mwanamke hukubali zaidi kwamba alilia. Mshale wake ulishasogea kabla ya kuwekewa mzigo. Katika michezo mambo hugeuka. Mvulana amelelewa akijua kwamba mwanamume lazima aseme anapenda mpira. Muulize mbele ya wenzake, ataandika nne hata kama moyoni ni mbili. Msichana aliyefundishwa asijikweze ataandika mbili hata kama moyoni ni nne. Ukilinganisha wastani wao umelinganisha malezi, hujalinganisha ari.

Kwa wale wenye data mkononi: programu ya takwimu iitwayo R haina malipo, na kazi hii ya kukagua masharti matatu ya mizani inaifanya. Kigezo kinachotumiwa sana ni kile walichopendekeza watafiti Cheung na Rensvold mwaka 2002, kwamba unapopanda kutoka sharti moja hadi jingine, CFI, yaani namba inayoonyesha jinsi majibu yanavyolingana na sharti uliloweka, isishuke kwa zaidi ya 0.01. Maswali mawili matatu yakikataa, hulazimiki kulitupa dodoso zima. Tangu 1989 kuna njia iliyokubalika ya kuyaachia hayo yatofautiane kati ya makundi na kuendelea na mengine kwa uangalifu. Lakini sharti la tatu lisipotimia, msilinganishe wastani. Tafadhali sana. Namwomba kila mwanafunzi wa shahada aliyemo humu, na kila msimamizi wake.

Takwimu hizo nazo zina mwisho wa uwezo wake. Zinakagua maswali uliyouliza. Yale ambayo hukuuliza haziwezi kuyaona. Dodoso lenye maswali ya kusukumwa peke yake linaweza kupita masharti yote matatu kwa alama nzuri, na bado bibi, kaka na magharibi wasionekane popote. Mimi nililia na hilo, kwa sababu baada ya kujifunza hesabu hizi nilidhani nimeshamaliza.

Niseme pia la wavulana, maana haki ya kipimo si ya wasichana peke yao. Katika kila darasa nililofundisha alikuwepo mvulana asiyependa mpira. Anapenda kuogelea mtoni, au kuruka kamba na dada zake nyuma ya nyumba, au ngoma. Akiulizwa kuhusu michezo anasikia mpira, na ana njia mbili: adanganye, au aandike ukweli ahesabiwe mvivu. Mmoja wao leo anapiga ngoma na kucheza usiku kucha, mapafu yake ni ya kupiga mbizi. Kwenye dodoso langu alipata alama ya chini kabisa kati ya wavulana.

Je, inawezekana tukisharekebisha kila kitu, tukute bado wasichana wana ari ndogo kuliko wavulana? Ndiyo, inawezekana. Sikuja hapa kuahidi kwamba pengo litafutika. Huenda shule fulani inawapa wasichana mchezo mmoja tu, ule ule tangu darasa la tatu, na wameuchoka. Hapo ari itakuwa imeshuka kweli, na kipimo chenye haki kitasema hivyo. Ninachotaka ni kwamba tukilisema, liwe kweli. Kwa sababu tukiamini tatizo ni hamu, tutafanya kampeni za kuhamasisha, fulana, mabango, mgeni rasmi. Tatizo likiwa ni chumba cha kubadilishia nguo kisicho na mlango, fulana hazitaleta mlango. Shirikisho la mpira wa kikapu duniani, FIBA, lilikuwa likizuia ushungi katika mashindano yake hadi lilipobadilisha kanuni mwaka 2017. Msichana wa Unguja au Tanga aliyekipenda kikapu mwaka 2016 ndiye yuleyule wa mwaka 2018. Hakuhamasishwa na mtu. Kanuni ilisogea, naye akapata njia.

Nilirudi kwenye kikao cha walimu na kueleza kosa langu. Nilichukua muda kulifanya hilo, na muda huo wasichana waliendelea kucheza siku moja. Wenzangu walinisikiliza. Ile siku ya pili ilirudi baada ya muhula mzima, na kidato cha pili kile kilikuwa kimeshafika cha tatu. Binti wa benchi la tatu hakuwa tena kwenye timu. Nilimuuliza kwa nini. Alisema, "Nilizoea kuwahi nyumbani, mwalimu."

Siku hizi kabla ya kugawa dodoso lolote nakaa na wanafunzi wanane, wasichana wanne na wavulana wanne, makundi mawili mbalimbali. Kila mmoja anasoma swali kwa sauti, kisha ananieleza kwa maneno yake linauliza nini na alifikiria nini alipokuwa akijibu. Sisahihishi, sielekezi, naandika tu. Saa moja na nusu inatosha. Swali likieleweka namna mbili kwa makundi mawili, linaondoka au linaandikwa upya. Nikigawa, naomba mwalimu mwingine asimamie ili wasijibu kwa kunifurahisha mimi wa michezo, na wakae mbalimbali ili jirani asichungulie. Nimeongeza maswali ya kuzuiwa: kuna mtu nyumbani anayekukataza? Njia ya kurudi inakutia hofu? Una nguo unayojisikia salama nayo uwanjani? Ungekuwa na saa moja yako mwenyewe kila jioni, ungefanya nini? Hilo la mwisho halina namba, lina mistari mitano. Nawaambia kweli, limenifundisha kuliko yale 19.

Vijana hawa waliokaa nyuma wamekubali kutusaidia saa nane mchana, baada ya chakula, chini ya mwembe ule wa getini. Wazazi wao wameridhia. Kila mwalimu aje na dodoso la shule yake na penseli, akae na kijana mmoja, amsikilize akilisoma swali baada ya swali. Wasichana watakaa na walimu wa kike kwanza, kisha tutachanganyika.

Dodoso langu jipya liko mlangoni, nakala sabini, zikipungua tutadurufu nyingine. Swali la ndoo nimelifanya namba moja. Lina nafasi tatu za kujaza: ndoo ya lita ngapi, mara ngapi kwa siku, na dakika ngapi kwenda na kurudi. Chukueni mnapotoka.